Sitini na Tisa la Mzee Luvsan

Ukitaka kumkera Luvsan, msifie gari la mtu mwingine mbele yake. Hatakujibu. Ataangalia mlimani, atatoa kichupa chake cha ugoro, atanusa taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia hii, na wewe utabaki na sifa zako mkononi. Kwake gari lilikuwa moja tu: lile la kijani la Kirusi lililosimama nje ya hema lake, la aina ambayo huku kwetu nyikani kila mtu, mpaka mtoto anayejifunza kuhesabu, huiita Sitini na Tisa.

Alilipata mwaka ule ushirika wa wafugaji ulipovunjika. Wenzake waligawana ngamia na mbuzi, kila mtu akivuta wake kwa kamba na macho yamemtoka. Yeye akaomba gari bovu lililolala nyuma ya ghala la sufu, halina betri, halina viti vya nyuma, na ndani yake mbwa wa mlinzi alikuwa amezaa. Kijiji kizima kilicheka. Luvsan kachagua mnyama asiyezaa, walisema, na maneno hayo yalimfuata kwenye harusi na kwenye mieleka kwa miaka mingi. Aliyekaa bila kucheka ni mkewe tu. Yeye alilizunguka gari mara moja, akauliza boneti ina upana gani, na kabla ya theluji ya kwanza akawa amelishonea blanketi la sufu nene, lenye kona nne na kamba za kufungia, sawasawa na lile la ngamia.

Jina la mke huyo silitaji, kwa sababu ameshafariki, na jina la marehemu halitamkwi hovyo. Luvsan mwenyewe hajalitamka kwa miaka mitatu.

Gari lile halikuwa na siri, na hilo ndilo alilolipendea. Ukifungua boneti unaona ardhi chini yake, na kila kitu kimekaa peke yake kama vyombo katika kabati la mtu nadhifu. Alikuwa na spana tano, koleo, nyundo na kipande cha waya, na kwa vitu hivyo aliishi nalo miaka thelathini. Kabureta aliisafisha kwa unywele wa mkia wa farasi. Mkanda wa feni ulipokatika katikati ya jangwa la chumvi, alisuka mwingine kwa sufu ya ngamia, akafika nao nyumbani, na akaendelea nao wiki nzima kwa ukaidi tu. Vumbi lilipenya kila mahali, viti vilimpiga mgongo, na baridi iliingia kwenye milango mpaka ukawa unaona pumzi yako mwenyewe. Lakini nionyeshe gari jingine ambalo mchungaji wa kawaida anaweza kulimudu, kulifungua lote juu ya mkeka na kulirudisha, likavuka mto ambao farasi anasitasita kuuvuka.

Majira ya baridi kulikuwa na kazi yake. Jioni unamwaga maji yote ya rejeta, la sivyo asubuhi utakuta injini imepasuka. Alfajiri unasukuma karai la makaa ya mavi makavu chini ya injini, unachemsha maji, unayamimina, unachomeka hendeli mbele na kuizungusha kwa bega lako zima. Lilikuwa likikohoa mara mbili, linanyamaza ili kumpima mtu moyo, kisha linaitika. Wenye magari makubwa meupe ya siku hizi walimcheka. Luvsan alikuwa akiwaambia kwamba wao hubonyeza kitufe, na kitufe kikikataa hupiga simu mjini kwa fundi, na huku kwetu ili kupiga simu lazima kwanza upande mlima.

Na kila alipoondoka, mkewe alitoka na maziwa. Hii ni desturi yetu sote. Msafiri akiondoka, anayebaki anarusha maziwa nyuma yake kwa kijiko cha mti chenye vishimo tisa, ili njia yake iwe nyeupe, yaani ya heri. Anayeondoka hageuki kuangalia nyuma. Wala haulizwi atafika lini, wala mwenyewe hasemi, maana safari iliyotajiwa saa ni kama safari iliyochokozwa. Luvsan alizishika desturi hizo. Miaka thelathini alisikia matone yakigonga bati la nyuma, akaingiza gia, akaenda, na hakugeuka hata mara moja. Akilini mwake mkewe alikuwa ameshaingia ndani kuendelea na kazi zake, kwa kuwa kazi za nyumbani huku haziishi.

Kitu kimoja kilimshangaza, naye alipenda kukisimulia. Hakuwahi kusema atarudi lini, mara siku mbili, mara tano, na kila aliporudi alikuta chai ya maziwa na chumvi inatoka jikoni ikichemka. Siyo iliyochemshwa tena, mpya. Alikuwa akiwaambia watu kwamba mke wake ananusa kama mbwa mwitu. Mkewe alikuwa akicheka na kumpa bakuli.

Walikuwa na ugomvi mmoja tu wa kudumu, nao ulihusu jiwe. Pale kwenye kambi yao ya baridi, ambako walirudi kila mwaka, kulikuwa na jiwe bapa hatua chache kutoka kwenye zizi la mbuzi, juu ya kijinundu. Luvsan alijikwaa hapo sijui mara ngapi. Alitaka alichukue lisaidie kukandamiza zizi kwenye upepo. Mkewe akamwambia liache. Akauliza la nini, akaambiwa liache tu. Mwaka uliofuata akajikwaa tena, akalitukana jiwe na mama yake jiwe, na mkewe akasema yaleyale. Basi akaliacha, akihesabu kwamba kila mwanamke ana jambo lake moja lisilo na maelezo.

Sasa nifike kwenye kile kilichomvunja.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja ya mwezi wa pili, mkewe aliamka na maumivu ya tumbo yasiyomwacha asimame wima. Luvsan alilitayarisha gari haraka kuliko siku zote. Akambeba, akamkalisha kiti cha kulia, akamfunika ngozi za kondoo. Mkewe akashika mlango. Alitaka ashuke kidogo arushe maziwa, kwa sababu safari hii wote wawili walikuwa wanaondoka na hakuna aliyebaki nyuma yao. Luvsan alikuwa na hofu, na hofu kwa mwanamume wa namna yake hutoka kama hasira.

"Kaa hapo," alimwambia. "Kesho jioni tumesharudi. Utamwaga hayo maziwa yako kesho."

Mkewe akamziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limetoka, na siku imeshatajwa. Alifariki siku ya nne. Madaktari walimweleza Luvsan vizuri kabisa ni ugonjwa gani, na kwamba ulikuwa umekaa humo tumboni muda mrefu, wala hakuna mtu wa kulaumiwa. Aliwasikiliza, akawashukuru, na hakuamini hata kidogo. Yeye alijua alichosema mlangoni.

Akarudi peke yake. Tangu siku hiyo hema lilikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa bila kulaliwa, na mtu mmoja anayejipikia na kusahau kula. Upweke wake haukuwa wa kulia. Ulikuwa wa kuongea na mbuzi, na wa kukaa ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani, akitazama kitambaa cha buluu cha baraka ambacho mkewe alikifunga kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Kiti cha kulia kilikuwa bado kimebonyea upande mmoja. Alipolazimika kwenda sokoni aliondoka kavu, bila tone nyuma yake. Safari moja alijaribu kujimwagia mwenyewe, akarusha maziwa, kisha akakimbilia usukani kabla hayajakauka. Aliona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona kwa mwendo wa nusu siku. Anayeondoka hawezi kuwa ndiye anayebaki.

Kisha macho. Yalianza kuweka ukungu kiangazi cha mwaka jana. Kwanza alidhani kioo cha gari kichafu, akakisugua mpaka kikaingia michirizi. Mwezi wa nane akapita na gari moja kwa moja juu ya kamba ya kufungia ndama wa jirani yake Gombo, na ndama wanne wakatimkia bondeni. Gombo hakugomba. Lakini alipanda mlimani akampigia simu Oyuna, binti wa Luvsan, aliyeolewa mjini.

Oyuna naye akampigia baba yake, kwa miadi, maana lazima mzee awe juu ya mlima saa hiyo. Alimweleza kwamba amemtafutia nafasi kwa daktari wa macho. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja atakuja na mumewe kumchukua, akae nao mjini msimu wote wa baridi. Mifugo ataichunga Gombo. Luvsan aliyakubali yote.

"Na gari, baba?"

"Gari lina nini?"

"Usiniletee hayo. Ndama wa watu unawakanyaga. Mara nyingine atakuwa mtoto."

Mtoto hakuwa amemfikiria. Aliteremka ule mlima kwa gia ya kwanza, kichwa nje ya dirisha, akiona njia kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Ndipo alipojua kwamba halitabaki kwake. Lililobaki ni kujua litakwenda kwa nani, na jambo hilo halikumpa usingizi wiki mbili.

Wa kwanza kuja kulitaka alikuwa Dashzeveg, mwenye kambi ya watalii kule kwenye chemchemi za moto. Alikuja na gari lake kubwa jeupe, akashuka kwa shida kwa sababu ya kitambi, akalipiga Sitini na Tisa makofi ubavuni. Alitaja bei ambayo ingemnunulia mtu farasi wanne wazuri. Luvsan akamwuliza atalifanyia nini. Dashzeveg akasema hatalichosha, asiwe na wasiwasi. Ataling'oa injini, atalipaka rangi nyekundu, atalisimamisha langoni, na wageni watapigia picha. Wageni wanapenda sana vitu vya zamani, alisema, na akacheka.

Luvsan alimpa chai, kwa sababu mgeni ni mgeni. Alipomaliza kunywa akamwambia gari haliuzwi. Dashzeveg akapandisha bei, akadhani ndiyo mchezo wenyewe. Luvsan akatoa kichupa cha ugoro akaangalia mlimani.

Wa pili alikuja siku tano baadaye, nyuma ya pikipiki ya Gombo, mwanamke wa miaka kama thelathini aliyejifunga shali mpaka machoni. Jina lake Narmaa. Alikuwa akikaa ng'ambo ya mlimapito, pale njia inapokatiza kati ya vilima, magharibi, na watoto wawili na mifugo, na mume aliyekuwa akichimba makaa ya mawe mbali kusini na kurudi nyumbani mara tatu kwa mwaka. Gombo alimshusha, akasalimia, akarudi zake mapema ili asionekane dalali.

Narmaa hakulipiga gari makofi. Alivua glavu, akafungua boneti, akaingiza mkono akapapasa bomba la maji kwa vidole, akilifuata mpaka mwisho. Akauliza mkanda ule ni wa nini. Ulikuwa wa sufu ya ngamia, wa pili, ambao Luvsan aliuning'iniza pale kama akiba. Akaeleza. Narmaa akaucheka, kisha akauliza umesukwa kwa nyuzi ngapi.

"Saba," Luvsan akasema. "Tano hazifiki."

"Baba yangu alisuka tano. Tukalala jangwani."

Moyo wa mzee ukalegea. Wakaingia ndani, wakanywa chai, naye akaeleza kwa nini analitaka. Majira ya baridi yaliyopita mwanawe mdogo alishikwa na kifua, na ilimchukua siku nzima kumtafuta mtu mwenye gari. Mtoto alipona. Ila yeye hakupona ile siku. Gari jipya hawezi kununua, na hata angeweza, nani angemtengenezea? Mume hayupo. Anataka gari ambalo likizima ataweza kugombana nalo mwenyewe.

Alitoa alichokuwa nacho, kimefungwa katika kitambaa, akakinyoosha kwa mikono miwili. Kilikuwa chini sana ya ile bei ya Dashzeveg. Luvsan alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya sanduku bila kukifungua.

Asubuhi ileile walilitayarisha pamoja. Narmaa alimimina maji ya moto, akazungusha hendeli kwa bega lake dogo. Likakohoa mara mbili, likanyamaza. Luvsan akajizuia asimsaidie. Narmaa akatema mate mikononi, akazungusha tena, likaitika.

Mtu wa kwetu akiuza mnyama hamwachii aende hivihivi. Humfuta pua kwa pindo la joho lake na kung'oa nywele chache za shingoni abaki nazo, ili baraka ya zizi isiondoke na mnyama. Luvsan akalifuta gari taa zote mbili kwa pindo. Kisha akasimama hajui ang'oe nini, maana bati halina nywele. Narmaa aliinama akajifanya anaangalia tairi. Mwishowe mzee akalishika lile blanketi la sufu la boneti, akanyofoa kinyuzi kwenye kona aliyoishona mkewe, akakitia kifuani. Kitambaa cha buluu alikiacha kwenye kioo kilekile. Kilifungwa kwa ajili ya njia, na njia ilikuwa inaendelea.

Narmaa akapanda, akafunga mlango, akaufungua tena.

"Mzee," akasema, "kwangu nikiondoka hakuna anayebaki. Watoto nawaacha kwa shangazi yao. Nimezoea kwenda kavu. Ila kama una maziwa."

Luvsan aliingia ndani. Ng'ombe mmoja alikuwa bado anatoa kidogo. Kijiko cha vishimo tisa kilikuwa pale mkewe alipokichomeka, katikati ya miti ya paa, upande wa jikoni, na hakuwa amekigusa tangu siku ile. Kilikuwa na vumbi. Akakifuta kwa kidole gumba, kishimo kimoja kimoja.

Alipotoka, swali lilikuwa limeshamjaa mdomoni: utafika saa ngapi? Kuna mlimapito, kuna barafu, ni mwanamke peke yake. Akalimeza. Lilishuka kwa taabu kama mfupa.

Gari likaondoka. Luvsan akachovya kijiko, akarusha. Akachovya, akarusha. Matone yakagonga bati la nyuma kwa sauti ileile, lakini kutoka upande huu. Narmaa hakugeuka, ndivyo inavyotakiwa, na vumbi na theluji kidogo vikalifunika gari.

Alidhani yamekwisha hapo. Kumbe sauti ilibaki. Alilisikia likiteremka korongoni, likibadili gia kwenye mawe meusi. Sauti ikapotea. Akataka kuingia ndani, akashindwa, kwa sababu hakujua kama limevuka au limekwama. Akasogea kushoto asikilize vizuri. Akasogea tena, akapanda kijinundu kando ya zizi, akajikwaa kwenye lile jiwe.

Akakaa juu yake, kwa kuwa goti lilimuuma. Na alipoinua macho, hata kwa macho yake yale mabovu, aliona mbele yake, kati ya vilima viwili, ufa wa mwanga. Ulikuwa ni mlimapito, njia aliyokuwa akipita yeye mwenyewe kila safari. Kutoka mlangoni hauonekani, kutoka zizini hauonekani. Unaonekana kutoka kwenye jiwe tu. Baada ya muda wa kutosha kulisha kundi zima, sauti ikarudi, nyembamba, ikipanda kule juu. Kitone cheusi kikapita katika ule mwanga.

Kutoka pale juu mpaka nyumbani ni muda wa kuwasha jiko na kuchemsha chai.

Luvsan akashika magoti. Miaka thelathini alimsema mkewe kwamba ananusa. Miaka thelathini, kwenye upepo ule, na yeye akienda zake mbele bila kugeuka, akidhani nyuma yake mtu ameshaingia ndani kwenye joto. Akalia, wazi, kama ambavyo hakulia kule hospitali. Mbuzi waliinua vichwa wakamtazama, kisha wakaendelea na majani yao.

Sauti ilikwisha kabisa upande wa pili wa mlima. Maziwa yaliyobaki kijikoni yalikuwa yameganda katika vile vishimo tisa. Mkewe, baada ya sauti kwisha, alikuwa akikaa hapa muda gani tena kabla ya kuinuka? Hilo hakulijua, na hakuna aliyebaki wa kumwuliza. Kwa hiyo akaendelea kukaa.